Fundi wa Pinde wa Jangsa

Yangki wa nyumba ya juu alikuwa na ulimi, na kijiji kizima cha Jangsa kilijivunia ulimi huo. Siku za mashindano ya upinde, wanawake walipojipanga pembeni mwa uwanja kuimba na kuwavunja nguvu wapinzani, yeye ndiye aliyewekwa katikati. Wanaume wa Bemri, kijiji cha ng'ambo ya mto, walimwogopa kuliko walivyouogopa upepo.

"Ap Dophu!" alikuwa akipaza sauti, nahodha wao akiwa ameshavuta upinde mpaka sikioni. "Baba yangu, lenga tumbo lako! Hilo hata ukifumba macho hulikosi!"

Na Ap Dophu, mtu mzima mwenye wajukuu sita, aliachia mshale huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mshale ukaenda zake mtoni.

Ulimi ndio uliokuwa fungu la mwanamke uwanjani. Mikono ilitakiwa ikae mbali. Kwetu mwanamke hagusi upinde, haruki mshale uliolala chini, na mashindano yakikaribia wanaume huhama nyumba zao wakalala pamoja ghalani, wasije wakachukua mkosi kwa wake zao. Ukiuliza desturi hii imetoka wapi, utaambiwa imetoka kwa mababu. Ukiuliza mababu waliitoa wapi, utaambiwa kanywe chai.

Mlinzi mkuu wa desturi hiyo alikuwa Ap Khandu, nahodha wa Jangsa. Alikuwa mtu mwema, wa kwanza kutoka kumtafuta ng'ombe wa jirani akipotea, na mpiga upinde hodari kweli. Ila katika miaka arobaini ya kupiga upinde hakuwahi kukosa shabaha kwa kosa lake. Leo upepo. Kesho mnajimu alipanga siku vibaya. Mara amekutana njiani na mwanamke aliyebeba kikapu kitupu, mara mkewe alimpakulia wali akiwa amenuna. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na Ap Khandu alikuwa shamba zima la mbaazi.

Pinde zote za Jangsa zilitoka nyumba ya juu, kwa Ap Gembo, baba yake Yangki. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga kwa pinde za chuma zenye magurudumu, zinazotoka ng'ambo ndani ya masanduku, lakini bondeni kwetu bado ni mwanzi: vipande viwili vilivyochongwa vikaungwa katikati, na ugwe wa nyuzi za mmea unaowasha. Upinde wa Ap Gembo ungeweza kuutambua hata gizani, kwa jinsi ulivyokaa kiganjani bila kukusumbua. Watu walitembea siku mbili kuja kuuomba.

Mzee huyu hakujaliwa mtoto wa kiume. Mkewe alimzalia Yangki, akaishi miaka minne zaidi, akafariki. Mtoto akakulia mlangoni mwa chumba cha kazi. Kizingiti ndicho kilikuwa mpaka: yeye upande wa jikoni, baba na mianzi yake upande wa pili. Aliruhusiwa kumletea makaa na chai, akaviweka juu ya kizingiti, baba akanyoosha mkono kuvichukua. Lakini Ap Gembo alikuwa msemaji, na mtu anayeshinda peke yake na mianzi atazungumza na nani?

"Ona huu," alizoea kusema. "Umekatwa mwezi wa tano. Wadudu watautafuna ubaki unga. Mwanzi unakatwa mwezi wa nane, mvua ikishakata. Umesikia?"

"Nimesikia, Apa."

"Halafu unakaa juu ya moshi wa jiko mwaka mzima. Siyo miezi kumi na moja. Mwaka."

"Na ukikaa miaka miwili?"

"Unakuwa mkali kama bibi yako."

Basi miaka ikaenda hivyo. Yangki alijifunza upinde kama mtu anavyojifunza nyumba ya jirani kwa kuitazama dirishani. Alijua kisu kinashikwaje, alijua mwanzi ukianza kulia umechongwa kupita kiasi, alijua fundo la ugwe. Kugusa hajagusa. Aliolewa mara moja na dereva wa lori, ambaye alipeleka viazi Thimphu, mji mkuu, akapata huko sababu za kutorudi. Yangki alilia wiki moja. Wiki ya pili akagundua kwamba nyumba imepata nafasi, akafuta machozi, akaendelea na ngano yake na baba yake.

Kisha macho ya Ap Gembo yakaanza kufifia. Daktari wa hospitali akasema ugonjwa huo hauna kurudi nyuma, na akamshika mzee bega, jambo ambalo daktari hakuwa na kawaida nalo. Mzee akarudi nyumbani akaendelea na kazi kana kwamba hakusikia. Katika mwezi mmoja aliharibu pinde tatu. Wa tatu ulipopasuka, Yangki alimkuta ameketi na vipande viwili mapajani, anavipapasa, analia bila sauti. Hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya mazishi, mwili wa mama ulipochomwa moto.

"Yangki," mzee akasema. "Uko mlangoni?"

"Nipo, Apa."

"Ingia."

Akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukivuka kizingiti kile na kazi ikiwa imetandazwa. Mzee akachukua mwanzi mpya, akaunyoosha mbele yake.

"Shika."

Yangki akaificha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Apa, mimi mwanamke."

"Najua. Nilikuwepo ulipozaliwa. Shika."

Akashika. Alitarajia nini, hata yeye hakujua. Labda mkono ungekufa ganzi, au mwanzi ungepiga kelele. Mwanzi ulikuwa mwanzi, wenye masizi na joto la jiko. Mzee akaweka vidole vyake juu ya vidole vya bintiye, akamwongozea kisu. Yeye alikuwa na mikono iliyokumbuka, binti alikuwa na macho. Kwa miezi sita walichonga hivyo, watu wawili wakiwa fundi mmoja. Mwezi wa saba mzee akaondoa vidole vyake.

"Endelea," akasema. "Nakusikiliza tu. Kisu kikikosea nitasikia."

Hakikukosea sana.

Sharti lilikuwa moja, na mzee alilisema mara moja tu, huku ametazama ukutani. "Nikishakufa, sema ukitaka. Nikiwa hai, niachie jina langu. Sina kingine kilichobaki." Yangki akaahidi. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wa kuigiza ndani ya nyumba. Mgeni akibisha, Yangki anaruka kizingiti mbio hadi jikoni, mzee anabaki na kisu mkononi na mabanzi mapajani, anaguna kama mtu aliyekatizwa kazi.

"Nywele zako zina nini, dada Yangki?" waliuliza.

"Napeta ngano."

"Ngano gani yenye masizi?"

"Ngano ya watu wasiouliza maswali. Kaa, nikupe chai."

Na miaka mitatu mfululizo, Jangsa waliwapiga Bemri kwa pinde hizo. Wanaume walikuja nyumba ya juu na chupa za ara, pombe ya nafaka, wakaketi, wakamsifu mzee usoni. "Ap Gembo, kadiri unavyozeeka ndivyo mkono unavyokolea!" Ap Khandu mwenyewe aliubusu upinde wake mbele ya watu na kuapa kwamba hajawahi kushika kitu kama hicho maishani. Yangki aliwamiminia chai ya siagi huku amekaza midomo. Furaha ilimpanda hadi kooni, na palepale kooni ikageuka kuwa kitu kichungu. Alimeza vyote viwili. Baba alikuwa anatabasamu, na hilo lilitosha, au alijiambia kuwa linatosha.

Mwaka wa nne, mashindano ya Mwaka Mpya yalifanyika Jangsa, kwa siku tatu. Siku ya kwanza theluji nyepesi ilidondoka ikayeyuka hapohapo, kila kitu kikaloa. Jangsa walishindwa. Siku ya pili walishinda kwa taabu. Siku ya tatu, ya kuamua, jua lilitoka lakini mishale ya Jangsa ilikuwa imegoma. Inapita juu, inapita kushoto, inachimba ardhi. Vijana wa Bemri walikuwa na vitambaa vya rangi viunoni, kila kitambaa shabaha moja, mpaka wakaonekana kama maduka. Upande wa Jangsa viuno vilikuwa vitupu.

Yangki alijua sababu. Alikuwa ameiona tangu asubuhi, akiwa mstarini na wanawake wenzake. Nyugwe zilikuwa zimelowa siku ya kwanza na kulegea, na hakuna aliyezikaza. Wanaume walikuwa wanavuta kamba iliyolala. Jambo la dakika kumi kwa mtu mwenye kujua. Lakini angesema nini, mwanamke wa kupeta ngano? Akaimba kwa nguvu zaidi, akamtukana Ap Dophu na ukoo wake wote, na hata matusi yake siku hiyo yalikosa shabaha.

Ap Khandu alikuwa amebakiza mshale mmoja. Akipata, Jangsa wanabaki mchezoni; akikosa, Bemri wanabeba ushindi. Hakuupiga. Aliushusha upinde, akageuka, akawatazama wapiga upinde wenzake mmoja mmoja.

"Pinde zimetiwa mkosi," akasema. "Nani mkewe amegusa?"

Watu wakatazamana. Walikuwa wanatafuta mchawi, na mchawi akitafutwa hakosekani. Am Dema, mjane mwenye sauti ya kengele, akamtazama mkwewe. Mkwe huyo aliitwa Lhadon, msichana wa miaka kumi na tisa, mwezi wa nne tu tangu aolewe na Sigay, mwana wa mjane huyo. Tena ametoka Bemri. Kumwona na kumshuku ilikuwa kazi nyepesi.

"Sema," Am Dema akamwambia. "Siku ya theluji nilikuona umeinama pale kwenye hema la wapiga upinde. Uliinamia nini?"

Lhadon akatazama chini. Hakuwa amezoea kudanganya, masikini, hakuwa amekaa Jangsa muda wa kutosha.

"Upinde wa Sigay ulikuwa umeanguka kwenye matope, mama," akasema. "Niliuokota tu. Nikaufuta kwa kanga ya begani, nikauweka juu ya benchi. Basi."

"Basi!" Am Dema akapiga makofi. "Mnamsikia? Anasema basi!"

"Mama, ulikuwa unalowa," Sigay akasema.

"Wewe nyamaza, umeshalishwa limbwata!"

Ap Khandu akainua mkono. Hakusema kwa hasira, na pengine hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwa huzuni, kama mtu anayetimiza wajibu. Sigay atoke kwenye timu. Lama aitwe kuzisafisha pinde kwa sala zake. Na binti arudi kwao ng'ambo ya mto, leo hii, kabla mkosi haujakaa.

"Na asihangaike kurudi," Am Dema akamalizia. "Nitamtumia nguo zake."

Lhadon hakupiga kelele. Alianza kutafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu kando ya mkeka, anaokota kimoja, si chake, anakirudisha kwa adabu mahali pake, anaokota kingine. Machozi yalimziba macho hata viatu vyake mwenyewe havioni. Yangki alimtazama akipapasa vile, na mikono ile inayopapasa ilimkumbusha mikono mingine, yenye vipande viwili vya mwanzi mapajani.

Akageuka kumtazama baba yake. Ap Gembo alikuwa ameketi kwenye zulia la heshima karibu na hema, kofia kichwani, kibuyu cha ara mbele yake, uso ameuelekeza kule sauti zinakotoka. Kila mpiga upinde alikuwa amemwinamia asubuhi. Niachie jina langu. Sina kingine kilichobaki.

Yangki alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na ulimi uliowahi kuwaliza wanaume wa vijiji saba. Sasa ulikuwa umekauka kama ngozi juani. Akisema, anaua jina la baba yake mbele ya macho yake yasiyoona. Asiposema, binti wa watu anavuka mto na mkosi usio wake. Hakuna njia ya tatu, aliitafuta.

Liwalo na liwe, akasema moyoni, akatoka mstarini.

"Ap Khandu, mwache mtoto wa watu."

"Yangki, rudi kwenye nyimbo zako. Hili si la kucheka."

"Sicheki. Nakuuliza. Mkono wa mwanamke ukigusa upinde, upinde unaharibika?"

"Hilo hata ndama anajua."

"Huo ulioshika una miaka mingapi?"

"Mitatu. Na haujawahi kuniangusha mpaka leo."

"Ndama hajaambiwa kila kitu, basi." Akaunyoshea kidole upinde ule. "Huo nimeugusa mimi. Siyo kuuokota matopeni. Nimeuchonga. Macho ya Apa hayaoni vizuri, ana mwaka wa nne sasa. Ninamsaidia. Huo wako, na wa Sigay, na ule wa Wangda pale nyuma yako, zote hizo zimepita mikononi mwangu. Mlishinda nazo miaka mitatu, mkazibusu, nikiwa nawamiminia chai. Kama kuna wa kuvushwa mto, mnivushe mimi. Huyu mtoto alifuta matope tu."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Mpiga upinde mmoja akauweka upinde wake chini polepole, kama mtu aliyegundua kuwa ameshika nyoka. Mwingine akafuta viganja kwenye vazi lake. Mtu wa Bemri aliyekuwa anatafuna tambuu akasahau kutafuna. Yangki hakuthubutu kumtazama baba yake. Alitazama mikono yake mwenyewe, yenye makovu madogo ya kisu ambayo kwa miaka minne aliyaita makovu ya mundu.

Ndipo akasikia kikohozi anachokijua.

"Binti yangu amesema uongo," Ap Gembo akasema.

Watu wakashusha pumzi. Ap Khandu akafumba macho kwa shukrani. Yangki alikuwa tayari kwa hasira ya baba yake, kwa aibu yake, lakini hili hakulifikiria.

Mzee akanyoosha mkono, mtu wa karibu akamwinua. Akasimama, mfupi, mwenye kibyongo, kofia imemlalia upande.

"Amesema ananisaidia," akaendelea. "Huo ndio uongo. Fundi anasaidiwa akiwa anafanya kazi. Mimi sijakata mwanzi huu ni mwaka wa nne. Sioni mkono wangu mwenyewe, nitaona mwanzi? Pinde hizo ni zake, toka kukata mpaka ugwe. Mkija mimi nashika kisu, naguna. Kuguna tu ndiko kwangu." Akaiweka sawa kofia yake. "Nilimwambia afiche. Niliogopa nitakuwa mzee tu, kama wazee wengine. Kila mliponisifu nilikuwa nakula chakula cha mtoto wangu, na nilikila. Aibu hiyo ni yangu, msimpe yeye. Yangki, uko wapi?"

"Nipo, Apa."

"Mbona unalia? Mtu mwenye ulimi kama wako."

Akamwendea, akamshika mkono, na mzee akaukamata kwa mikono yake yote miwili mbele ya kijiji, akalisugua dole gumba juu ya makovu kama mtu anayehakikisha kazi.

Sasa kila jicho lilikuwa kwa Ap Khandu. Alikuwa amesimama na upinde wake, anaugeuza huku na huku. Kuutupa alitaka, ilionekana. Lakini mkono ulikuwa haumsikilizi, ulikuwa umeuzoea.

Ap Dophu wa Bemri, ambaye alikuwa mpinzani na hana la kupoteza, akavuka uwanja taratibu, tumbo mbele.

"Ap Khandu, ndugu yangu," akasema. "Naona umeingia shaka na huo upinde. Usijisumbue kuuchoma moto. Nipe mimi. Nitavumilia mkosi wake. Tumeuvumilia miaka mitatu kutoka upande wa pili."

"Nani kasema nautoa?" Ap Khandu akafoka, akaukumbatia kifuani.

Kicheko kikapasuka, kwanza kwa Bemri, kisha kwa wote. Hata Am Dema alicheka kabla hajajizuia, na akishacheka mtu ni vigumu kurudi kwenye ukali uleule. Akamwona mkwewe amesimama na kiatu kimoja mkononi.

"Wewe, kiatu hicho ni changu," akamwambia. "Kiweke chini uje mstarini. Unasimama huko peke yako kama mlingoti, watu wataniongelea mimi."

Lhadon akaja. Am Dema akamvuta akamweka ubavuni pake, akamfuta uso kwa kanga yake kwa nguvu zisizohitajika.

"Piga basi, Ap Khandu!" wachezaji wakapaza sauti upande wa pili wa uwanja, kule kwenye shabaha. "Tumeganda huku!"

Ap Khandu akasogea kwenye mstari wa kupigia. Akaweka mshale. Wanawake wa Bemri walitakiwa kumzomea, ndiyo haki yao, lakini hata wao walinyamaza. Akavuta. Yangki alitazama ugwe, siyo mtu. Aliona ulivyolegea, akajua kabla ya wote. Mshale ukaondoka, ukapanda, ukainama, ukaingia ardhini kando ya ubao wa shabaha. Hatua moja tu upande wa kushoto.

Vijana wa Bemri wakaruka, wakaanza kucheza na kuimba wimbo wa ushindi. Upande wa Jangsa hakuna aliyejitikisa. Walikuwa wanasubiri. Miaka arobaini walikuwa wamemsikia Ap Khandu akikosa, na kila mara kulikuwa na sababu, na leo sababu ilikuwa imesimama hatua kumi kutoka kwake, imevaa kira, gauni refu la buluu, imemshika baba yake mkono. Yangki akanyanyua kidevu. Alisema moyoni, mwache aseme. Nimeshasema langu.

Ap Khandu aliutazama ubao kule mbali kwa muda mrefu. Akautazama upinde. Akajikuna sikio.

"Nimeachia mapema," akasema.

"Umesemaje?" mkewe akauliza kutoka mstarini, kwa sauti kubwa, kwa sababu hakuamini.

"Nimesema nimeachia mapema! Mmekuwa viziwi? Kiwiko kilishuka, nikaachia mapema. Upinde hauna kosa."

Akageuka, akatembea mpaka alipo Yangki. Uso ulikuwa umemwiva kama pilipili inayoanikwa juu ya paa. Alisimama mbele yake. Akaunyoosha upinde kwake, kwa mikono miwili, kama tunavyompa kitu mtu tunayemheshimu.

"Ugwe umelegea," akasema. "Hebu utazame."

Na Yangki wa nyumba ya juu, mwenye ulimi ule, hakupata hata neno moja. Akauachia mkono wa baba yake, akaupokea upinde mbele ya watu wote, akaketi palepale kwenye nyasi, akaanza kukaza. Mwanaume wa pili alipokuja na upinde wake, akamwonyesha kwa kidevu tu aketi chini asubiri zamu yake.